Anza na gurudumu la nyuma, mdogo wangu

Leo naweka kando wachumba na mikopo ya chama, nijibu swali ambalo limenijia kwa sura nyingi lakini kiini chake ni kimoja. Msomaji wa Ekero ndiye aliyeliuliza vizuri zaidi. Amepata fremu ya zamani kwenye mitumba, ana vijisenti vya miwa, na anataka kuunda baiskeli ya kubeba hema, sufuria na blanketi kutoka hapa Mumias mpaka chini ya Mlima Elgon, kwa njia za vumbi na vichochoro vya mashamba, siyo kwa lami. Anataka kujua aweke gia gani, na kama anunue ile foku ya mbele yenye springi inayong'aa dukani.

Pesa ya kwanza iende kwenye gurudumu la nyuma, mdogo wangu. Ya pili iende kwenye gia nyepesi kabisa utakayoweza kupata. Vilivyobaki vinaweza kuwa vikuukuu, vya mitumba, hata vya rangi usiyoipenda. Foku ya springi isahau. Sasa vuta kiti tuongee vizuri.

Sisi wa magharibi hatukuletewa baiskeli jana. Kabla pikipiki hazijatujaa, baiskeli ya Black Mamba ndiyo iliyopeleka mgonjwa hospitali, mahindi sokoni na bibi harusi kwao. Basi kabla hujaidharau kwa sababu umeona picha za baiskeli za Wazungu, iinamie uihesabu spoki. Gurudumu la mbele lina 32, la nyuma lina 40. Waingereza waliobuni muundo ule, na Wahindi waliouendeleza, walijua kuwa uzito wa abiria na gunia unaangukia nyuma, wakaongeza spoki huko huko. Ukikumbuka hilo tu kutoka kwa Black Mamba, umeshaokoa nusu ya matatizo ya safari yako.

Tabu ya Black Mamba ni gia. Nyingi zina meno 44 mbele na 18 nyuma. Gawanya, unapata 2.44. Gurudumu lile la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2. Zidisha: kila unapozungusha pedali mzunguko mmoja kamili, baiskeli inasonga mita 5.4. Kwenye tambarare ya kwenda Shianda, hiyo ni raha tupu. Sasa fika kwenye kilima ukiwa na mzigo, mwendo umeshuka hadi kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika. Ili uende mwendo huo utakuwa unazungusha pedali mara 18 au 19 tu kwa dakika. Kila mzunguko ni kama kupanda ngazi ukiwa na debe kichwani. Ndiyo maana watu wetu wanashuka na kusukuma, na wana akili kushuka. Anayeng'ang'ania kukaa kitini anajiharibia magoti.

Kuna wanaume watakaokucheka ukitaja gia nyepesi. Watakuambia mwanamume halisi anapanda na gia moja. Usibishane nao, wape historia. Waandaaji wa Tour de France waliwakatalia waendeshaji wao wakubwa gia za kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937, kwa fikra hiyo hiyo kwamba gia ni za wanyonge. Kabla ya hapo, mtu akifika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza ili atumie meno ya upande wa pili, akalifunga tena, ndipo apande. Hao ndio walikuwa mabingwa wa dunia. Leo hakuna anayekimbia mbio zile bila gia, na hakuna anayeitwa mnyonge.

Wala usione haya kwamba unaanzia kwenye chuma cha mtumba. Baiskeli za milimani zenyewe zilizaliwa hivyo. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, Kalifonia, walikuwa wakichukua baiskeli nzito za Schwinn za tangu enzi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zenye matairi manene, na kushuka nazo njia za vumbi. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, za kukanyaga pedali kinyumenyume. Zilipata moto mpaka grisi ikafuka moshi, na wakifika chini walilazimika kuifungua habu na kuijaza grisi mpya. Waliendelea kuzivunja na kuziunga mpaka mwaka 1977, mmoja wao, Joe Breeze, alipounda fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa hiyo wewe uliye na fremu ya mtumba chini ya mwembe uko kwenye ukoo mzuri.

Haya, tuje kwenye fremu yako. Kwanza hakikisha ni chuma. Chukua sumaku, ile inayotoka kwenye spika ya redio mbovu inatosha, uigusishe kwenye fremu. Ikinata, ni chuma. Isiponata, ni aluminiamu. Aluminiamu si mbaya, lakini ikipasuka ukiwa Chwele hakuna atakayeiunga ikashika. Chuma kinaungika. Ila sikiliza hapa: fremu nzuri za milimani za miaka ya 1990 zina bomba la ukuta mwembamba sana, na fundi aliyezoea kuchomelea trela za miwa kwa umeme anaweza kulitoboa kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Mwombe atumie gesi na shaba. Moto wake ni mpole zaidi, na bomba linabaki na nguvu yake.

Kisha pima kama imenyooka. Hili ni jambo la uzi tu. Funga uzi kwenye sehemu ya kushikia ekseli ya nyuma upande wa kulia, uvute mpaka mbele, uzungushe kwenye shingo ya fremu inapoingia foku, urudishe nyuma upande wa kushoto na uukaze. Sasa pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja au mbili, endelea na maisha. Ikiwa inakaribia sentimita, hiyo fremu iliwahi kugongwa, na utakuwa unaivuta ikielekea mtaroni kila siku. Mrudishie mwenyewe, hata kama alikupunguzia bei.

Angalia pia urefu wa yale mabomba mawili yanayotoka kwenye krenki kwenda ekseli ya nyuma. Fremu za zamani mara nyingi ni ndefu hapo, sentimita 43 au 44. Wauzaji wanaziita za kizamani. Mimi ninazitafuta. Urefu huo unaruhusu mifuko ya pembeni ikae bila kugonga visigino, na unaacha nafasi ya udongo kupita kati ya tairi na fremu. Mvua yetu unaijua. Ule udongo mwekundu ukilowa unanata kama ugali wa muhogo, na baiskeli yenye nafasi ya kidole kimoja tu inakwama kabisa, magurudumu hayazunguki hata ukisukuma. Acha vidole viwili kila upande. Madigadi ukizifunga, ziinue juu. Msimu wa matope zivue kabisa, afadhali mgongo uchafuke.

Kuhusu foku ya springi: zile za bei nafuu ni nzito, zinashika kutu ndani, na ukisimama kwenye pedali kupanda kilima zinabonyea zikila nguvu yako. Foku ngumu ya chuma na tairi nene lenye upepo wa wastani vitakulainishia njia vizuri tu. Springi nzuri zipo, lakini bei yake ni ya ng'ombe, na siku zikiharibika mafuta yake hayapatikani Kapsokwony.

Sasa gurudumu la nyuma, ambalo ndilo sababu ya kuandika yote haya.

Kuna aina mbili za habu ya nyuma na unatakiwa uzijue kabla hujatoa pesa. Moja ni ile ya friwili inayofungwa kwa nyuzi, kama ya Black Mamba. Nyingine ni ya kaseti, ambayo meno yanateleza kuingia kwenye ngoma iliyo sehemu ya habu yenyewe. Kwa macho zinafanana. Tofauti iko mahali goroli zilipokaa. Kwenye habu ya friwili, goroli za upande wa kulia ziko ndani, mbali na fremu, kwa sababu friwili imekaa nje yake. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki hewani bila wa kukishika. Friwili ya gia moja ni nyembamba, haina shida. Weka ya gia saba, kisha pakia kilo 20 na upige mashimo ya trekta za miwa: ekseli inapinda, na siku moja inakatika. Habu ya kaseti imesogeza goroli mpaka pembeni kabisa, karibu na fremu, kwa hiyo ekseli ina mshiko kila upande. Ukiweza kununua kitu kimoja tu kipya, nunua habu ya kaseti yenye matundu 36, na rimu ya aluminiamu yenye matundu 36. Rimu za chuma zilizopakwa kromu ziache. Zikilowa, raba za breki zinateleza juu yake kana kwamba zimepakwa sabuni.

Halafu mpelekee fundi anayejua kusuka gurudumu, na ukae hapo hapo umwangalie. Fundi mzuri wa soko letu hana mashine ya kupimia. Anageuza baiskeli juu chini, anaweka gurudumu kwenye fremu, anashika kipande cha chaki kikiegemea bomba na kukikaribisha kwenye rimu inayozunguka polepole. Pale rimu ilipojaa inachubuka chaki, na alama nyeupe inamwonyesha spoki za kukaza na za kulegeza. Anageuza nati ya spoki robo mzunguko, anazungusha tena, alama inapungua. Kisha anapitisha ukucha kwenye spoki moja baada ya nyingine, akisikiliza. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti moja. Za upande wa gia zitakuwa na sauti ya juu zaidi kuliko za kushoto, hilo ni sawa, kwa sababu zimesimama wima zaidi na zinakazwa zaidi. Ikisikika moja imezubaa kati ya wenzake, ndiyo itakayokuponza.

Mwombe jambo moja ambalo mafundi wengi wenye haraka wanaliruka. Gurudumu likishanyooka, azishike spoki mbili mbili zilizo sambamba na kuzibana kwa nguvu kwa kiganja, azunguke gurudumu zima, pande zote. Utasikia zikilia, tik, tik. Ni spoki zinajikalisha vizuri kwenye habu na kwenye nati. Anyooshe tena, abane tena, mpaka zinyamaze. Gurudumu lisilofanyiwa hivyo linajikalisha lenyewe njiani, na hapo ndipo linapopinda. Mlipe fundi vizuri kwa kazi hii, hata zaidi ya alivyotaja. Mpe soda. Kisha endesha wiki moja hapa hapa mjini na umrudishie aguse tena.

Spoki zikikatika, mara nyingi ni za nyuma upande wa gia, pale kwenye kiwiko. Na huwezi kuzibadilisha bila kutoa kaseti. Kwa hiyo funga spoki za akiba kwenye bomba la fremu kwa utepe, za urefu sahihi wa upande ule, na ubebe kifaa cha kufungulia kaseti. Spana ya kukigeuzia utaazima kwa fundi yeyote wa pikipiki.

Kuhusu tairi, ongea na namba, siyo na inchi. Hapa ndipo watu wanapoibiwa bila mwizi. Tairi ya 28 ya Black Mamba imeandikwa 635 ubavuni. Ile ya baiskeli mpya wanayoiita 29 ni 622. Ukisikia 28 na 29 unadhani 29 ni kubwa, kumbe rimu yake ni ndogo zaidi, na haziingiliani hata kwa kusihi. Tairi ya 26 ya milimani ni 559, lakini kuna 26 nyingine nyembamba ya baiskeli za mjini ambayo ni 590. Soma namba ile ndogo. Kwa safari zetu ninapendelea 26 ya 559, yenye unene wa inchi 2, kwa sababu moja isiyo na ufahari: karibu kila duka la vipuri kuanzia Butere hadi Kimilili lina tairi na tyubu zake. Chukua tyubu zenye mdomo kama wa gari, ili hata kituo cha petroli au kijana wa pikipiki akujazie upepo.

Sasa gia. Hesabu ni ile ile tuliyofanya mwanzo. Tairi ya 26 yenye unene wa inchi 2 ikizunguka mara moja inakwenda mita 2 na kidogo. Weka mbele meno 22, nyuma 32. Kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 1.4 tu. Kwenye kilima kile kile, kwa mwendo ule ule wa kilomita 6 kwa saa, sasa unazungusha mara 70 kwa dakika badala ya 18. Miguu inafanya kazi kidogo kidogo, mara nyingi, na pumzi unaiweza. Utapitwa na mbuzi, sawa. Mbuzi hajabeba hema.

Krenki ya milimani ya zamani yenye gia tatu mbele, 22, 32 na 42, ndiyo ninayoipendekeza, na kaseti ya gia saba au nane yenye meno 11 hadi 32 au 34. Fungu la mitumba lina krenki hizi kwa sababu wenye mtindo wamezitupa. Siku hizi baiskeli nyingi mpya za milimani zina gia moja tu mbele, meno 32, na kaseti kubwa kama sahani nyuma, mpaka meno 46 au zaidi. Piga hesabu: 32 kwa 46 ni karibu sawasawa na 22 kwa 32. Wamefika mahali pale pale kwa njia ghali zaidi. Ni safi, ni rahisi kutumia, lakini cheni yake ni nyembamba, kaseti yake bei ni ya kutisha, na ikiisha meno hutaipata hapa. Cheni ya gia saba au nane ipo kwa kila fundi.

Upande wa gia nzito usijisumbue. Meno 42 mbele na 14 nyuma yanakupa mita 6 na zaidi kwa mzunguko, tayari ni nzito kuliko Black Mamba. Nani anataka kuzidi hapo akiwa na sufuria mgongoni? Mteremko ukikubeba, acha ukubebe.

Kama pesa haifiki habu ya kaseti, zipo friwili za gia saba za meno 14 hadi 34. Zinaruka kutoka 24 moja kwa moja hadi 34, kwa hiyo utasikia kishindo ukiingia ile ya mwisho, lakini inapanda. Tumia hiyo, beba mizigo miepesi nyuma, sogeza mizito mbele, na uikague ekseli mara kwa mara.

Leva za kuhamishia gia chukua zile za zamani zisizo na hatua, za kusukuma kwa kidole gumba mpaka usikie cheni imekaa. Zenye hatua zinazolia ka, ka, zinadai waya safi na ule mkono wa nyuma, unaoning'inia na vigurudumu viwili, uwe umenyooka kabisa. Siku moja ya matope na zinaanza kuruka. Leva isiyo na hatua haijali. Hata baiskeli ikianguka na mkono ukapinda, unaukunja kwa mkono, unasukuma leva kidogo zaidi, unaendelea. Hii pia ni faida ya fremu ya chuma: pale mkono unapofungwa panapinda na kurudi bila kukatika.

Urefu wa cheni usikisie. Izungushe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye ule mkono, ivute ikutane, kisha ongeza inchi moja. Ikiwa fupi kuliko hapo, siku utakapoweka kubwa kwa kubwa bila kufikiri, itaung'oa mkono na kuuingiza kwenye spoki. Na kuijua cheni iliyochakaa, tumia futi ya chuma ya seremala, siyo ya fundi cherehani inayovutika. Pini hadi pini, inchi 12 za cheni mpya ni 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, ibadilishe kabla haijala meno ya kaseti. Cheni ni rahisi, kaseti siyo.

Breki nitapita haraka. Chukua zile za mikono miwili mirefu zinazobana rimu, za waya, na raba mpya. Breki za diski za mafuta ni tamu mpaka zinapovuja. Diski za waya ni sawa kama fremu ina mahali pa kuzifunga. Ukifika safari za kushuka kutoka Iten, iliyo mita 2,400 juu, mpaka Bonde la Kerio, utanikumbuka kuhusu raba za akiba.

Wasichana, njooni karibu kidogo. Mmeniandikia mkisema baiskeli inaumiza. Mara nyingi siyo ninyi, ni kiti. Vile vyembamba vilitengenezwa kwa nyonga za kiume. Tafuta kipana kiasi, kigumu kiasi, kwa sababu kile laini kama mto kinakubana mahali pasipostahili baada ya saa moja. Panda, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Hicho ndicho kimo cha kiti. Usukani uwe usawa wa kiti au juu yake, siyo chini. Sketi ukipenda vaa, na leso ya kujifunga wakati wa kubadilisha nguo ni lazima. Anayekuambia msichana hapandi baiskeli peke yake mpaka Kakamega, mwulize nani alikuwa akimletea maji mama yake.

Mzigo uufunge chini. Keria ya fimbo za chuma atakuchomelea fundi yeyote wa jua kali, ila mwambie aiwekee miguu miwili kila upande, na uifunge kwa boliti zenye nati ya pili ili zisifunguke kwa mtikisiko. Vitu vizito, maji, sufuria na spana, viwe kwenye mifuko ya pembeni chini kabisa. Hema na blanketi juu. Na blada za kufungia, wadogo zangu, blada za kutosha. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara tangu enzi za mfalme wetu wa Wanga, Nabongo Shiundu. Mpelelezi Joseph Thomson alipita hapa mwaka 1883, na Askofu Hannington mwaka 1885, na nyuma yao wapagazi waliokuwa wakibeba mizigo kutoka pwani. Hakuna mpagazi aliyekubali kubeba mzigo unaocheza. Nawe kaza.

Kabla ya Elgon, jaribu hapa. Pakia gorogoro kumi za mahindi, kama kilo 20 na kidogo, uvuke daraja la Nzoia na kuelekea upande wa Bungoma kwa njia za ndani, siyo ya lami, kisha urudi. Toka alfajiri, kwa maana mvua ya kwetu inapenda saa za mchana. Ukirudi, kagua boliti zote, bana spoki, tazama kama keria imeanza kupasuka kwenye maungio. Ikipita hapo, panga Chwele, Kimilili na Kapsokwony. Kuingia mbugani ni habari nyingine: kule juu kuna tembo na nyati, ongea na KWS, wale wa wanyamapori, kwanza, usijifanye shujaa.

Kama haya yote yamekuchosha kabla hujaanza, kuna njia fupi. Nunua baiskeli ya Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005. Ile ya kawaida ni nzito, ina breki ya kukanyaga nyuma, na keria yake inabeba kilo 100. Mwaka 2023 walitoa aina yenye gia mbili, S2, ina cheni mbili na unabadilisha kwa kurudisha pedali nyuma kidogo, hakuna waya wala leva ya gia. Haitakupandisha Elgon kwa raha, lakini itakufikisha kokote kulipo tambarare na itakurudisha.

Na wewe wa Matungu uliyeuliza kama unaweza kufunga injini ndogo ya kukatia nyasi kwenye fremu hiyo hiyo: hapana. Nenda ukanunue pikipiki, uniachie hiyo fremu.